Verckys: Mpuliza saksafoni aliyetaka vyombo viwe vyake

"Mzigo huu wa nani?"

Ukifika forodha ya Busia, uwe umetokea upande wa Kenya au wa Uganda, swali hilo hukufikia hata kabla ya salamu. Gunia la mahindi, bunda la mitumba, kapu la dagaa, begi gumu jeusi lenye shingo ndefu kama ya bata: mwenyewe ajitokeze. Mzigo usio na mwenyewe haupiti.

Watu wa hapa wamelizoea swali hilo kama walivyozoea vumbi la malori. Malaba, upande wa kaskazini, ina mto wa kutenganisha nchi mbili. Busia haina mto. Ina barabara, mageti na mstari usioonekana kati ya maduka. Hadi mwaka 1902 ardhi yote hii, hadi Naivasha, ilihesabiwa kuwa Uganda. Waingereza wakalihamisha Jimbo la Mashariki kwa karatasi, na Wasamia na Wateso wakajikuta ndugu wa tumbo moja walio chini ya serikali mbili. Ni hapa ambapo vijana wa baiskeli waliita "boda, boda" wakivusha watu na bidhaa kutoka geti hadi geti, na jina lao likaenea Afrika Mashariki nzima. Februari 2018, Marais Yoweri Museveni na Uhuru Kenyatta walipozindua kituo cha huduma za pamoja, msafiri akaanza kukaguliwa mara moja badala ya mbili. Swali lenyewe halikubadilika.

Nalitumia swali hilo kumsimulia mtu ambaye hakuwa wa mpakani. Alizaliwa Kisantu, magharibi mwa Kongo, upande wa pili kabisa wa bara. Aliitwa Georges Kiamuangana Mateta, dunia ikamjua kwa jina la Verckys, na hakuna mpuliza saksafoni wa ukanda wetu aliyeipeleka rumba karibu na fanki kuliko yeye. Wapenzi wa zilipendwa humkumbuka kwa pumzi zake. Mfanyabiashara wa Busia angemwelewa kwa jambo jingine: Verckys aliuliza mapema vyombo ni vya nani, na jibu alilolipata likamtoa kwenye mojawapo ya bendi kubwa kabisa nchini mwake.

Jina lililosikika vibaya

Alizaliwa tarehe 19 Mei 1944. Muziki aliuanzia kanisani, katika bendi ya waumini wa Kimbangu, kanisa lililozaliwa Kongo yenyewe na linalothamini sana ala za kupuliza. Kijana akaanza kusaka santuri za Wamarekani weusi. Aliyemteka alikuwa King Curtis, mpuliza saksafoni wa Texas aliyekuwa na sauti nene, yenye mikwaruzo, kama mtu anayecheka huku ana mafua. Jina hilo la Curtis, kwa jinsi lilivyomfikia masikioni Georges, likawa Verckys. Akalichukua hivyohivyo, na kosa la sikio likawa chapa ya biashara.

Ala yenyewe ina historia ya kuchekesha kwa Mkongo. Saksafoni ilibuniwa na Adolphe Sax, Mbelgiji wa mji wa Dinant, aliyeisajili Paris mwaka 1846. Mwili wake ni wa shaba, lakini roho yake ni kipande chembamba cha tete kinachotetemeka mdomoni, jambo ambalo mpiga zumari wa Lamu hahitaji kufundishwa. Ubelgiji iliitawala Kongo hadi mwaka 1960. Miaka michache baadaye, vijana wa Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, walikuwa wakiipuliza ala ya Mbelgiji kwa namna ambayo Sax asingeitambua. Mashabiki wa dansi huku kwetu waliipa jina la mdomo wa bata, na jina hilo linaifaa.

Mwaka 1963, mwaka aliotimiza miaka 19, Verckys aliingia OK Jazz, bendi ya Franco Luambo iliyokuwa imeanzishwa mwaka 1956. Humo alimkuta Isaac Musekiwa, mpuliza saksafoni mzaliwa wa Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe, aliyekuwa amevuka mipaka yake mwenyewe hadi kufika pale. Kwa kawaida ya rumba ya siku hizo, saksafoni ilikuwa mtu wa adabu. Mwimbaji akimaliza ubeti, yenyewe hujibu kwa upole, hutembea kidogo juu ya magitaa, kisha hukaa chini kusubiri zamu yake.

Verckys hakuwa na subira hiyo. Alipuliza kama mtu anayeita teksi upande wa pili wa barabara.

Akogo na fanki

Tuseme kidogo fanki ni nini, maana neno hili hutupwatupwa. James Brown na vijana wake, kule Marekani katikati ya miaka ya 1960, waliligeuza pigo la kwanza la kila mzunguko kuwa bwana wa nyumba. Besi inalirudia, ngoma inalirudia, na gitaa linakwaruza nyuzi pale katikati bila kuimba chochote. Saksafoni nayo huacha kuimba. Inapigwa kama ngoma: sauti fupi, kavu, inayokatwa kabla haijaiva. Kila mmoja ana kipande kidogo ambacho peke yake hakina maana, na utamu huja vipande vinaposhikana.

Mzee wa Kiteso, awe wa Tororo au wa Amagoro upande wa Kenya, akisikia maelezo hayo atakuuliza kama humsimulii akogo. Kundi la wapiga akogo hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo: vinanda vidogo vya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, kila mpigaji na kauli yake fupi, hakuna anayebeba wimbo mzima. Ndiyo maana fanki haikuhitaji mkalimani ilipofika Afrika. Ilikuwa mtoto anayerudi nyumbani na nguo za kigeni.

Verckys alilielewa hilo kwa vitendo. Katika nyimbo alizozirekodi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, saksafoni zinaingia kwa mkupuo, zinagonga na kutoka, huku magitaa yakiendelea kusokota rumba chini yake kana kwamba hayakusikia kitu. Bassala Hot ni wa namna hiyo. Mwingine una jina ambalo mtu wa Busia hahitaji kutafsiriwa: Cheka Sana. Bendi ya Kinshasa inayoimba kwa Kilingala ilikipa kipande cha fanki jina la Kiswahili, na anayejua biashara atahisi kwamba mwenye santuri alikuwa tayari ameutupia macho upande wa mashariki.

Mwenye vyombo

Katika dansi ya Afrika Mashariki na Kongo kuna mtu mmoja ambaye mashabiki mara nyingi hawamjui sura, na kila mwanamuziki anamjua kwa hatua zake. Ni mwenye vyombo. Magitaa ni yake, vipaza sauti ni vyake, mdomo wa bata ni wake. Mwanamuziki anakuja na vidole na pumzi. Wakigombana, mwanamuziki anaondoka na vidole na pumzi vilevile, na Jumamosi inayofuata mtu mwingine anasimama pale pale ameshika ala ile ile. Bendi nyingi za ukanda huu zilivunjika juu ya jambo hilo, ingawa wanawake na pombe ndivyo visa vinavyosimuliwa baa.

Mwaka 1968, Franco akiwa safarini Ulaya, Verckys aliwaingiza studio baadhi ya wenzake wa OK Jazz na kurekodi nyimbo kwa lebo yake mwenyewe, aliyoiita Vévé. Bosi aliporudi, nyumba iliwaka moto. Mwaka 1969 Verckys alikuwa nje, akiwa na bendi yake, Orchestre Vévé. Huo ndio mwaka aliotimiza miaka 25.

Mtu anaweza kuliita tendo hilo usaliti, na wapo walioliita hivyo. Lakini tazama kilichotokea ng'ambo ya Atlantiki mwaka uliofuata. Maceo Parker wa Kinston, North Carolina, aliyezaliwa 1943, ndiye mpuliza saksafoni maarufu kuliko wote katika historia ya fanki. James Brown alikuwa akimwita kwa jina katikati ya wimbo ili apulize. Mwaka 1970, Maceo na karibu bendi nzima walimwacha Brown kwa sababu ya malipo na amri. Waliunda kundi lao, halikuwaletea pesa, na baada ya miaka mitatu hivi Maceo alikuwa amerudi kwa bosi yule yule. Watu wawili, mabara mawili, ala moja, lalamiko moja. Tofauti ni kwamba Verckys alipotoka alikuwa na lebo mkononi, na Maceo alitoka na saksafoni tu.

Mkuki kwa nguruwe

Orchestre Vévé ilishika kasi mara moja. Mbele walisimama waimbaji watatu, Mario Matadidi, Loko Djeskain na Saak Saakul, wenye mavazi yanayometameta na miguu isiyotulia. Wakajulikana kama Trio Madjesi, jina lililounganishwa kutoka majina yao. Mwaka 1972 waliondoka wakaanzisha bendi yao, Sosoliso. Aliyemwacha bosi naye akaachwa. Mkuki kwa nguruwe mtamu, na kwa binadamu ukawa mchungu: mwenye vyombo sasa alikuwa Verckys.

Mwaka huohuo alitoa wimbo uliomletea vita vya aina nyingine. Nakomitunaka maana yake ni najiuliza, na mwimbaji wake anajiuliza jambo zito: kwa nini kwenye picha za kanisani malaika na watakatifu ni weupe, na shetani peke yake ndiye mweusi? Kongo ilikuwa imebadilishwa jina kuwa Zaire Oktoba 1971, Rais Mobutu alikuwa akihimiza watu waache majina ya kigeni, na mvutano wake na Kanisa Katoliki ulikuwa mkali. Wimbo ukaangukia katikati ya moto huo. Lakini aliyeuliza alikuwa mtoto wa kanisa la Kimbangu, ambaye shaka hiyo huenda aliibeba tangu alipokuwa akishika ala kwa mara ya kwanza. Saksafoni katika wimbo huo hailipuki. Inakwenda taratibu, kama mtu anayetafuta maneno.

Kisha ukaja mwaka 1974. Muhammad Ali na George Foreman walipangiwa kupigana Kinshasa, na tamasha la siku tatu likaandaliwa kuanzia tarehe 22 Septemba. Foreman alijeruhiwa juu ya jicho mazoezini, pambano likasogezwa hadi 30 Oktoba, lakini muziki haukusubiri. James Brown alipanda jukwaani, Maceo akiwa ndani ya bendi. B.B. King alikuwepo, Celia Cruz, Miriam Makeba, Manu Dibango, Franco. Tangu hapo husimuliwa kwamba Brown alipomsikia Verckys alimpa jina lililokuwa lake mwenyewe, Mister Dynamite. Hata kama simulizi hiyo imeongezwa chumvi njiani, inaonyesha mashabiki walimweka wapi.

Reli ya Tororo na pigo la kavasha

Katika miaka hiyo vijana wa bendi ya Zaiko Langa Langa walizusha pigo la ngoma lililoitwa kavasha. Husimuliwa kwamba mpiga ngoma Meridjo alilisikia ndani ya treni, magurudumu yakigonga maungio ya reli: tiki-taka, tiki-taka, bila kupumzika. Anayelala jirani na stesheni ya Tororo hawezi kulishangaa pigo hilo. Hapo ndipo reli inayotoka Kenya kupitia Malaba inapogawanyika, mkono mmoja ukienda Mbale na Soroti hadi kaskazini, mwingine ukielekea Jinja na Kampala. Chini ya lile jabali la Tororo, na kiwanda cha saruji kikifuka moshi tangu miaka ya 1950, watu walikuwa wameisikia kavasha kwa magurudumu kabla ya kuisikia kwa redio.

Kenya iliipokea kavasha kwa mikono miwili, na ikawa uti wa mgongo wa kile ambacho mpaka leo wenyeji hukiita muziki wa Lingala. Nairobi ilikuwa na studio, viwanda vya santuri na baa zenye kulipa. Wanamuziki wa Kongo wakaelekea huko, na mtu anayetoka Kampala kwenda Nairobi kwa barabara kwa kawaida hupita Busia au Malaba. Samba Mapangala, mzaliwa wa Matadi, alifika Kampala mwaka 1975 na Nairobi mwaka 1977. Mwaka 1981 akaunda Virunga, bendi ambayo saksafoni zake zinaheshimiwa hadi leo.

Verckys hakuhama. Aliowatuma mbele ni wengine: vijana aliowapa vyombo, studio na lebo. Bella Bella ya ndugu wawili Soki, Lipua Lipua, Kiam, Empire Bakuba, hata Zaiko yenyewe, zote kwa wakati fulani zilipita mikononi mwake. Mwaka 1978 alifungua Vévé Center, jengo la ghorofa lililobeba biashara yake ya muziki Kinshasa. Baadaye akawa na kiwanda chake cha kutengeneza santuri, na akawahi kuuongoza muungano wa wanamuziki wa Zaire. Kadiri duka lilivyokua, saksafoni ilisikika kwa nadra. Hiyo ndiyo bei aliyolipa, na haikuwa ndogo. Mpenzi wa fanki akisikiliza kazi za mwanzo za Vévé hawezi kutojiuliza ni pumzi ngapi ziliishia kwenye vitabu vya hesabu.

Aliyebaki na pumzi

Upande wetu wa hadithi una jibu la pili kwa swali la forodha, na jibu hilo ni Moses Matovu.

Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke Uganda. Maduka yalifungwa, yakiwemo yale yaliyouza santuri na ala, na vipuri vikawa haba. Februari 1976 Amin alidai sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya, akifufua ile ramani ya kabla ya 1902, na mpaka wa Busia ukawa wa wasiwasi. Baridi ilikuwa imeteketeza kahawa ya Brazil mwaka 1975, bei ikapaa duniani, na kahawa ya Uganda ikavuka usiku kwa magendo. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa.

Katika kipindi hicho, mwaka 1975, wanamuziki waliotoka katika bendi ya Cranes ya Kampala walianzisha Afrigo Band. Matovu, mpuliza saksafoni na mwimbaji, alikuwa miongoni mwao. Wenzake wengi wa kizazi kile walivuka Busia na Malaba kutafuta riziki Nairobi na Mombasa. Sammy Kasule na Philly Lutaaya walifika hadi Sweden. Matovu alibaki. Amin akaondoka mwaka 1979, serikali zikafuatana, vita vikaja na kupita, na Afrigo ikaendelea kupanda jukwaani. Rachael Magoola aliimba humo kabla ya kuwa mbunge wa Bugweri. Nusu karne baadaye jina la Matovu na la bendi bado ni kitu kimoja.

Matovu hakujenga ghorofa la santuri. Alichojenga ni bendi ambayo watu huingia na kutoka huku ikibaki palepale. Fanki yake ni ya chinichini, imefunikwa na mapigo ya Buganda na rumba, lakini sikiliza saksafoni inavyogonga nyuma ya waimbaji, na utajua King Curtis alifika hadi Kampala pia.

Begi jeusi

Leo saksafoni imerudi kwa nguvu pande zote mbili za mpaka. Utaikuta harusini, hotelini Jumapili mchana, na zaidi ya kote kanisani, ambako vijana wengi hujifunzia kama alivyofanya Verckys. Mara nyingi ala si yao. Ni ya kanisa, ya hoteli, au ya mtu aliyeikodisha kwa siku. Kijana anapuliza vizuri, watu wanarekodi kwa simu, video inazunguka, na yeye anarudi nyumbani mikono mitupu. Begi linabaki na mwenyewe.

Verckys alifariki Kinshasa tarehe 13 Oktoba 2022, akiwa na miaka 78. Miaka minane kabla ya hapo, kampuni ya Analog Africa ya Ujerumani ilikusanya fanki yake ya 1969 hadi 1978 na kuitoa upya, Bassala Hot na Cheka Sana zikiwemo. Vijana wa Ulaya ambao wazazi wao hawakuwahi kuisikia Kinshasa wakacheza. Wapuliza saksafoni wengi wa kizazi chake, walioacha pumzi zao ndani ya santuri za watu wengine, leo huonekana kwenye majalada kama majina madogo, au hawaonekani kabisa. Juu ya jalada hilo jina kubwa lilikuwa moja, na mwenyewe alikuwa hai kuliona: Verckys na Orchestre Vévé.

Mzigo ulikuwa na mwenyewe.